Walianza kwa kuomba basi

Kwa Mhariri,

Kila Thurgood Marshall, wakili mweusi wa Marekani, anapotajwa magazetini, husifiwa kana kwamba aliuangusha ubaguzi katika shule za Marekani peke yake. Sipunguzi sifa zake. Lakini mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, kila wiki nakaa na watu waliobeba kesi zao kwenye bahasha za kaki, na inaniuma kuona waliomtuma mahakamani hawatajwi.

Wazazi weusi wa Kaunti ya Clarendon, jimbo la South Carolina, hawakuanza kwa kudai kuvunja ubaguzi. Waliomba basi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watoto wazungu wa huko walikuwa na mabasi ya shule yapatayo 30, na watoto weusi hawakuwa na hata moja. Wazazi walichanga wakanunua kuukuu lao, likawa linaharibika kila mara. Wakaomba angalau mafuta, wakanyimwa. Mwaka 1949 walikusanyika nyumbani kwa Harry na Eliza Briggs kutia sahihi madai yao. Harry alifanya kazi kituo cha petroli, alifutwa. Eliza alisafisha vyumba vya wageni, naye akafutwa. Mchungaji Joseph De Laine, aliyewaunganisha, nyumba yake iliteketea kwa moto.

Kesi yao, ambayo hatimaye ilipinga ubaguzi wenyewe shuleni, ilibebwa na mawakili wa NAACP Legal Defense Fund, mfuko wa utetezi wa kisheria wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi; ni shirika ambalo Marshall alilianzisha mwaka 1940 na ambalo lilijitenga kabisa na NAACP mwaka 1957. Njia aliyoifuata alifundishwa na Charles Hamilton Houston, mkuu wake katika kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Howard: msiuvamie ukuta wote kwa siku moja, ng'oeni tofali moja moja. Kesi baada ya kesi, walivunja ubaguzi dhidi ya watu weusi katika chuo cha sheria cha Maryland mwaka 1936, kura za mchujo za Texas mwaka 1944, kisha kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Texas mwaka 1950. Houston alifariki mwaka huohuo wa 1950.

Na watu wa Clarendon walishindwa kwanza! Mwaka 1951 majaji wawili kati ya watatu waliwakatalia. Nina mama mmoja ninayemsaidia katika mgogoro wa shamba. Siku tuliposhindwa aliikunja hukumu mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso, akaniambia, "Mwanangu, imekwisha." Nilimsimulia habari ya wale wazazi. Wiki iliyofuata alirudi kuniuliza rufaa inagharimu pesa ngapi.

Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote 9 wakikubaliana, iliamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi kunakiuka katiba. Kesi ya Clarendon ilikuwa mojawapo ya tano zilizounganishwa, ila jina lililobaki kwa zote ni la Brown, mzazi wa Kansas. Hata baada ya hapo, Kaunti ya Prince Edward, Virginia, ilifunga shule zake za umma kuanzia 1959 hadi 1964 kuliko kuwachanganya watoto, na mawakili wakarudi tena mahakamani.

Historia hii inatuhusu. Januari 1960 Marshall alikuja Kenya kwa mwaliko wa Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Alisimulia mwenyewe jinsi alivyozuiwa kuingia mkutanoni, akaomba kuusalimu umati kwa neno moja tu, na neno lenyewe likawa "Uhuru!" Kisha akaenda London kwenye mazungumzo ya Lancaster House kuhusu katiba ya Kenya, akawaandalia wajumbe wa Kiafrika rasimu ya hati ya haki.

Leo Ibara ya 22 ya Katiba yetu inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki za kimsingi, bila kutozwa ada ya kufungua kesi. Ombi langu kwenu wanahabari: mnaporipoti kesi za namna hiyo msiishie kwa wakili anayehojiwa kwenye ngazi za mahakama. Mtafuteni na aliyetia sahihi ya kwanza. Mara nyingi huwa ameketi benchi la nyuma.

Msaidizi wa kisheria,
Thika