Paka akila kitunguu, msimtapishe kwa chumvi

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wafugaji wenzangu: paka akila chakula chenye kitunguu, msimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Jirani yangu alikuwa tayari ameshika kikombe, paka wake alipolamba sufuria ya mchuzi mzito, nikamzuia. Chumvi nyingi nayo ni sumu kwa paka, na maziwa hayasaidii kitu.

Kitunguu maji na kitunguu saumu, viwe vibichi, vimepikwa au ni vya unga, huharibu chembe nyekundu za damu. Kinachonitisha ni kwamba paka huweza kuonekana mzima kabisa, kisha siku chache baadaye akalegea, akahema harakaharaka, fizi zikapauka na mkojo ukawa wa kahawia. Basi msingoje dalili. Mpigieni daktari wa mifugo papo hapo, mwelezeni paka kala nini, kiasi gani na saa ngapi. Kama kuna pakiti, nendeni nayo. Akila chokoleti au zabibu, hata zilizokaushwa, mpigieni daktari vivyo hivyo.

Paka wa jirani alipimwa damu jioni ileile, na daktari akataka arudishwe apimwe tena. Tafadhali msiache kurudi, hata mkimwona anacheza.

Mfuga paka