Kwa nini vazi la kuogelea hulegea

Mwezi uliopita mteja wetu mmoja, mama anayeogelea mara tatu kwa wiki, alirudi dukani na vazi alilolinunua miezi minne kabla, akaliweka juu ya kaunta na kutuonyesha sehemu ya kukalia, ambako kitambaa kilikuwa chembamba hata mwanga ukapenya, na vijiuzi vyeupe vilivyochomoza vilikatika kila vilipoguswa. Alidhani tumemuuzia bidhaa hafifu.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mavazi ya kuogelea ya Ulaya na Marekani yalifumwa kwa sufu. Mwaka 1913 mpiga makasia mmoja wa Portland, Oregon, aliomba kiwanda kilichokuja kuitwa Jantzen kimfumie kaptula kwa mtindo wa pindo za mikono ya sweta, na ufumaji huo ukazaa vazi lililoshika mwili vizuri, ilimradi liwe kavu. Sufu ikinywa maji huwa nzito na kuning'inia, jambo lisilopendeza kwa mtu anayetoka majini mbele ya watu. Wengi husimulia zaidi habari za Louis Réard, aliyeonyesha bikini mjini Paris Julai 1946, lakini kwetu mafundi mwaka wenye uzito ni 1958, ambapo Joseph Shivers, mkemia wa kampuni ya DuPont, alipata uzi wa spandeksi, unaovutika hadi mara 5 ya urefu wake na kurudi ulivyokuwa.

Uzi huo ndio uliokatika katika vazi la mteja wetu, kwa kuwa klorini inayoua vijidudu bwawani huuvunja kidogo kidogo. Poliesta huihimili klorini vizuri zaidi, na ile ya aina ya PBT hunyumbuka yenyewe pasipo kuchanganywa na spandeksi.

Lowesha vazi kwa maji safi kabla ya kuingia bwawani, ili lisinywe maji mengi yenye klorini. Ukitoka, lisuuze papo hapo, usilikamue kwa kulisokota, na ulianike kivulini. Lastiki ya kiuno au ya mapaja tunaweza kuibadilisha, lakini kitambaa kilichokwisha kulegea hakirudi.

Mama yule tulimshauri achukue la PBT, ingawa kwa sasa tunazo rangi mbili tu, nyeusi na buluu.