Barua kwa rafiki anayesubiri majibu ya uzamivu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, kazi zinasukumwa hivyohivyo, na ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma na kuurudia. Mwishoni uliuliza ufanye nini ili usiwe na wasiwasi mpaka majibu ya maombi yako ya uzamivu, yaani PhD, yatoke. Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu la harakaharaka lingekuwa la uongo. Watu wameshakuambia subira huvuta heri, tena wamekuambia wakitoka kulala usingizi wao kamili. Sitaki kuwa mmoja wao.

Maoni yangu ni kwamba uache kuutafuta huo utulivu. Pengine hutaupata kabla ya Aprili, na kuusaka ndiko kunakokuchosha kuliko kungoja kwenyewe. Nguvu uliyobaki nayo itumie kwa mambo mawili: kuacha kukitafutia maana kimya cha vyuo ulivyoomba, na kuandika sasa hivi, kichwa kikiwa bado chako, utakachofanya kwa kila jibu linaloweza kuja.

Nianze na kimya. Umesema mwenzako mliyesoma naye uzamili ameshaitwa kwenye usaili katika idara ileile uliyoomba wewe, na kwako hakuna hata salamu. Umeichukua kama hukumu. Sasa fikiria kinachoendelea upande wa pili. Marekani, maombi mengi hufungwa Desemba au mapema Januari. Wahadhiri wachache hugawana mafaili huku wakifundisha, wakisahihisha mitihani na kuandika maombi yao wenyewe ya fedha za utafiti. Wakikubaliana majina, orodha hupanda ofisi ya juu kuidhinishwa. Barua za kwanza huenda kwa waliochaguliwa kwanza, na nyuma yao hubaki kundi la akiba ambalo mara nyingi haliambiwi kwamba ni la akiba. Barua za kukataa huja mwisho, maana idara nyingi haziwaachii watu mpaka zijue nani amekubali na nani amekwenda kwingine.

Kwa hiyo ukiona kimya mwezi wa pili, huenda faili lako halijasomwa, huenda limewekwa akiba, huenda limeshakataliwa na mtu wa kutuma barua hajapata nafasi. Kwenye ukurasa wa maombi hali zote hizo huandikwa neno moja: linapitiwa. Utalitazama asubuhi na usiku wa manane, na halitakuambia lolote, kwa sababu halikuwekwa pale likuambie wewe kitu.

Kuna tarehe moja ya kuikumbuka, Aprili 15. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini makubaliano ya Council of Graduate Schools, baraza la vyuo vyenye masomo ya uzamili na uzamivu, kwamba mtu aliyepewa nafasi yenye ufadhili halazimiki kujibu kabla ya siku hiyo. Wapo waombaji wenye barua tatu mkononi wanaozikalia mpaka siku za mwisho, na wakiziachia ndipo orodha ya akiba husogea. Hivyo nafasi inaweza kufunguka wiki ambayo umeshakata tamaa. Na wewe ikitokea umepata sehemu unayoitaka, ziachie nyingine siku hiyohiyo, usingoje. Kuna mtu asiyelala kwa ajili ya nafasi unayoikalia.

Yale maombi yako ya Ulaya usiyapime kwa kalenda hii. Uholanzi, Norway na sehemu kubwa ya Ujerumani, nafasi nyingi za uzamivu hutangazwa kama ajira, wakati wowote wa mwaka, kila tangazo na tarehe yake, na mwenye sauti kubwa ni profesa mwenye mradi. Uingereza kuna mtego mwingine: kukubaliwa ni jambo moja, kufadhiliwa ni jambo jingine. Unaweza kupokea barua ya pongezi nzuri kabisa isiyo na hata senti ndani yake. Nitalirudia hili.

Kuhusu ile barua ya kukataliwa uliyonionyesha. Wamekuandikia kwamba waombaji wenye sifa walikuwa wengi kuliko nafasi, nawe umeona ni adabu tupu. Ni adabu, ndiyo, lakini pia ni kweli. Nafasi ya uzamivu ina mtu wa kuilipia. Profesa uliyemtaja huenda alichukua wanafunzi wawili mwaka jana, huenda anakwenda likizo ya utafiti, huenda mfuko wake unaisha na mwingine haujaidhinishwa. Mwaka 2025, fedha za utafiti za serikali ya Marekani zilipotikisika, vyuo kadhaa vilipunguza nafasi za uzamivu, na vingine vikafuta hata barua za kukubaliwa zilizokwisha kutumwa. Walioomba mwaka ule hawakuwa na akili pungufu kuliko wa mwaka uliotangulia.

Sisemi kwamba kila anayekataliwa ameonewa. Maandiko mengine ya maombi ni dhaifu, na inawezekana lako lina sehemu dhaifu. Mimi mwenyewe nilikuambia aya ya pili ina maneno mengi kuliko swali. Lakini udhaifu huo hutaujua kwa kutazama ukurasa. Utaujua kwa kumpa mtu mkali alisome andiko, na hilo linaweza kungoja mpaka Mei.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda, ulifanywa University College London na kuchapishwa 2016. Watu 45 walicheza mchezo wa kompyuta wa kufunua mawe, mengine yakiwa na nyoka chini yake. Akitokea nyoka, mchezaji anapigwa shoti ya kuumiza kidogo mkononi. Watafiti walipima jasho na mboni za macho kuona mwili unavyohangaika. Waliohangaika sana si wale waliokuwa na uhakika wa kupigwa. Ni wale ambao uwezekano ulikuwa nusu kwa nusu. Mwili hubeba ubaya unaojulikana kwa urahisi kuliko jambo lisilojulikana litaangukia wapi. Ndiyo maana uliniambia, kwa aibu, kwamba siku ile ya kukataliwa ulilala vizuri. Hapana cha kuonea aibu hapo.

Mwingine ni Kate Sweeny, mwanasaikolojia wa California. Yeye na wenzake waliwafuatilia wahitimu wa sheria waliokuwa wakingoja matokeo ya mtihani wa uwakili, miezi minne mizima. Wengi walijaribu mbinu zinazojulikana: kujisahaulisha, kujipa moyo, kujitayarisha kwa mabaya. Kwa sehemu kubwa mbinu hizo hazikupunguza wasiwasi. Kilichonishangaza ni kwamba waliongoja kwa mashaka ndio waliozipokea vizuri zaidi habari mbaya zilipokuja, na zilipokuwa nzuri wakazifurahia zaidi. Waliongoja kwa raha, wakiwa na uhakika wao, ndio walioanguka vibaya. Kwa hiyo usijione una kasoro kwa sababu moyo unadunda kila simu ikilia. Unafanya kazi ambayo italipa baadaye.

Katika tafiti za baadaye za kundi hilohilo, kilichosaidia kidogo ni kuzama kwenye shughuli inayokuchukua mawazo yote, ngumu kiasi cha kukushughulisha lakini si ya kukushinda, na inayokuonyesha kama unasonga. Filamu haikutoshi, najua unazitazama huku umeshika simu. Wewe una zile data za tasnifu ya uzamili ambazo hazijawahi kuwa makala. Zifungue. Makala ikitoka kabla ya Aprili, vizuri. Isipotoka, bado utakuwa na saa mbili kwa siku ambazo hazikuwa za kamati ya watu usiowajua.

Sasa ule mpango. Chukua karatasi, si simu, uandike majibu yanayoweza kuja na hatua ya kwanza kwa kila moja. Lile la kukubaliwa na kufadhiliwa halina haja ya maelezo marefu, ila usisaini kabla hujazungumza na wanafunzi wa msimamizi huyo. Waulize wanamaliza kwa miaka mingapi, wangapi waliondoka katikati, na sura ikitumwa kwake hurudi baada ya muda gani. Sikiliza hasa wanaponyamaza.

Kukubaliwa bila ufadhili ndiko ninakokuogopea zaidi. Furaha ya kusikia ndiyo baada ya miezi ya kimya inaweza kumfanya mtu mwenye akili timamu akubali deni la miaka minne. Andika leo kwamba hutajibu ndani ya wiki ile ya kwanza. Uliza kama nafasi inaweza kusogezwa mwaka mmoja huku ukitafuta fedha, uliza kama kuna kazi ya kufundisha, uliza mwisho wa kujibu ni lini. Nikiulizwa mimi, uzamivu usio na mfadhili wala mwajiri wa kukulipia si wa kuanza. Unaweza kutokubaliana nami, ila tubishane sasa, si siku barua imefika na wewe unalia kwa furaha.

Ukiwekwa akiba, andika barua pepe moja fupi: bado unaitaka nafasi, na haya ndiyo mapya tangu Desemba. Kama idara hiyo ndiyo chaguo lako la kwanza, sema hivyo, na uiambie idara moja tu. Baada ya hapo nyamaza. Na idara ambayo imekaa kimya mpaka imepita tarehe iliyoitaja yenyewe, hiyo unaweza kuiuliza kwa mistari mitatu yenye heshima bila kujiona msumbufu.

Wakikataa wote, na lazima uiandike hii pia hata kama mkono unasita, usiguse andiko mwezi huohuo. Waandikie kwanza walimu waliokupa barua za mapendekezo, uwaambie matokeo na kuwashukuru. Wengi wa waombaji hupotea kwa aibu kisha huibuka Oktoba wakihitaji barua nyingine. Halafu angalia vyeti vya lugha: matokeo ya TOEFL na IELTS hudumu miaka miwili, usije ukagundua Novemba kwamba ya kwako yameisha. Ya GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili na uzamivu hasa Marekani, hudumu miaka mitano, ingawa idara nyingi hazidai tena mtihani huo. Na kabla hujalipa ada za maombi kwa mara nyingine, omba usamehewe; vyuo vingi vina utaratibu huo na hawautangazi kwa herufi kubwa.

Kwa wanaokuuliza kila siku kama umejibiwa, waambie jibu likija watalisikia kutoka kwako, basi. Wanaotangaza barua zao mitandaoni wapunguze machoni kwa muda. Huna kinyongo nao, lakini hukuona kumi walizokataliwa nazo. Na ukurasa wa maombi uufungue mara moja kwa siku, mchana, kamwe si kitandani. Habari njema mara nyingi huja kwa barua pepe au simu kutoka kwa mtu, haingoji uibahatishe.

Nina neno moja la ukali. Uliposema kwamba, ukiacha usiku ule mmoja, hujalala vizuri tangu mwezi uliopita na chakula hakipiti, hapo tumetoka kwenye wasiwasi wa kawaida. Nenda kwa daktari au mshauri nasaha wiki hii. Usijiambie kwamba litaisha ukipata nafasi. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 2,279 wa uzamili na uzamivu, wengi wao wa uzamivu, kutoka nchi 26, na asilimia 41 walionyesha dalili za wasiwasi wa kiwango cha kati au kikali. Walijitokeza wenyewe kujibu, kwa hiyo huenda wenye shida ndio waliosukumwa zaidi kushiriki. Hata hivyo idadi hiyo haitoki hewani. Huku ndani ya uzamivu tunangoja pia: makala irudi, kamati ya maadili iidhinishe, msimamizi ajibu. Mimi wiki hii nangoja maoni ya sura ya tatu na nimeshafungua barua pepe mara ngapi tangu nianze kukuandikia, sitaki kusema.

Nitumie hiyo karatasi ukishaiandika, ipige picha tu, hata ikiwa na mikwaruzo. Nitapiga simu Jumapili jioni. Nitakuuliza habari za data na usingizi, na majibu sitayauliza. Ukiyapata utaniambia mwenyewe.

Wasalimie wote hapo.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.