Betri mnaisingizia, tazameni waya wa ethi

Ndugu Mhariri,

Tupe nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na wenye Land Rover za mashamba ya mkonge, Peugeot 504, Corolla za zamani na Volkswagen Beetle ambazo bado zinatembea hapa Tanga, tangu Raskazone hadi Muheza na Pangani. Gari la umri huo likianza kuzunguka kivivu asubuhi, shauri la kwanza analopewa mwenyewe ni kununua betri. Akinunua, gari linawaka vizuri kwa muda, maana betri mpya ina nguvu ya ziada ya kusukuma umeme hata pale njia ilipoziba. Nguvu ile ikipungua kidogo, tatizo linarudi. Betri inakuwa waja leo waondoka leo, na lawama anabebeshwa muuzaji. Mara nyingi mwenye kosa ni waya wa ethi, yaani ule mmoja mfupi, mweusi, unaotoka kwenye kichwa hasi cha betri kwenda kwenye bodi au injini, ambao huenda haujaguswa tangu gari litoke kiwandani.

Umeme wote unaotoka upande wa chanya lazima urudi betrini kupitia ethi. Starta ya injini ya petroli ya silinda nne huvuta kiasi cha ampia 100 hadi 200 inapozungusha; ya dizeli huweza kupita 300, na pale inapoanza tu kusukuma huvuta zaidi ya hapo. Kwa ampia 200, kizuizi (ugumu wa umeme kupita, hupimwa kwa omu) cha omu 0.01 tu kinakula volti 2 nzima. Betri yenye volti 12.6 ikiwa imepumzika hushuka yenyewe hadi 10 na ushee wakati wa kuzungusha. Ukitoa nyingine 2 njiani, starta inabaki na 8. Hapo ndipo mnaposikia ule mlio wa "tak, tak" na taa za dashibodi zinazimika.

Kwa Volkswagen za kabla ya 1967 zenye betri ya volti 6 hali ni ngumu zaidi. Nguvu ile ile huhitaji ampia maradufu, na volti 2 zikipotea, theluthi ya umeme imekwenda.

Upepo wa bahari unachangia sana. Chumvi huvuta unyevu, na unyevu unapenya kati ya nyuzi za shaba kama mafuta yanavyopanda utambi. Ukichuna ganda la waya wa zamani unakuta shaba imekuwa nyeusi au ya kijani mbali kabisa na ncha, ingawa kwa nje waya unaonekana mzima.

Dalili zake hazifanani na za betri iliyokufa, mtu akizitazama vizuri. Injini imekaa juu ya raba, kwa hiyo haigusani na bodi isipokuwa kwa mkanda wa ethi wa injini, yaani waya unaounganisha injini na bodi. Mkanda ukikatika, umeme wa starta hutafuta njia nyingine: kebo ya choki, kebo ya mafuta, hata kebo ya spidomita. Choki ikiwa ya moto au ikitoa moshi wakati wa kupiga starta, msiendelee kujaribu. Dalili nyingine ni mshale wa joto la injini kuruka mara unapowasha taa kubwa. Na katika magari yenye reguleta ya chaji (kifaa kinachopima chaji ya betri) iliyofungwa kwenye bodi, ethi mbovu huidanganya ikaona volti ndogo kuliko zilizopo, ikazidisha chaji. Betri inachemka na kukaukiwa maji, kisha nayo inalaumiwa.

Kupima ni kazi ya dakika kumi, na mita ya kawaida ya dijitali inatosha. Iwekeni kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Msitumie omu wala kile kipimo cha kupiga kelele: uzi mmoja uliosalia kati ya mia unatosha kuifanya mita ilie, na kizuizi cha omu 0.01 hakionekani kwa sababu waya za mita zenyewe zina zaidi ya hapo. Kwa petroli, chomoeni waya wa kati wa distribyuta, ncha yake igusishwe kwenye chuma cha injini, ili gari lisiwake. Kwa dizeli, vuteni kebo ya kuzimia. Ncha nyeusi ya mita ikae juu ya kichwa hasi chenyewe, kwenye risasi, si kwenye kibano kinachokishika. Ncha nyekundu iwekwe kwenye chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige starta sekunde tatu au nne. Mita ikisoma volti 0.2 au chini yake, ethi ni nzima. Ikipita 0.5, mmeshampata mwizi.

Kisha hamisheni ncha nyekundu: kwenye kibano, kwenye kichwa cha waya, kwenye bolti, kwenye bodi. Pale namba inaporuka ndipo penye ugonjwa. Mara nyingine waya ni mzuri na ugonjwa uko kati ya kibano na kichwa cha betri, hasa pale mtu alipobadilisha aina ya betri. Betri nyingi ndogo za Kijapani zina vichwa vyembamba, na kibano cha gari la Kizungu hakivishiki, basi hupachikwa msumari au kipande cha bati. Msumari ule unagusa sehemu mbili tu. Nunueni bushi ya risasi ya kuvalisha kichwa, ni kitu kidogo, au badilisheni kibano.

Waya mpya uwe wa milimita 35 za mraba kwa injini ya petroli. Kwa dizeli, au kama betri iko chini ya kiti au nyuma na waya unapita mita moja na nusu, chukueni wa 50. Waya wa 16, ambao ndio unaouzwa mara nyingi ukiwa tayari umefungwa vichwa, unapoteza kama volti 0.22 kwa kila mita kwa ampia 200. Wa 35 unapoteza 0.1. Waya wa mashine ya kuchomelea unafaa sana kwa kuwa nyuzi zake ni nyembamba na nyingi, haukatiki kwa mtikisiko wa injini. Ukipatikana ule wa vyombo vya baharini, wenye nyuzi zilizopakwa bati, ndio bora kwa mji kama wetu.

Lakini hapa tahadhari. Madukani kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, na kwa macho huwezi kuutofautisha. Kwarueni ncha ya uzi kwa kisu: ukionekana weupe ndani, rudisheni. Lakini waya uliopakwa bati ni mweupe kwa nje. Huo ukikwaruzwa unaonyesha wekundu ndani. Mizani nayo haidanganyi. Shaba ya mita moja ya waya wa 35 ina uzito wa gramu 310 hivi kabla ya kuhesabu ganda. Ya alumini haifiki nusu yake. Tunawaomba wenye maduka wawe na moyo wa kuwaachia wateja wakwaruze na wapime, na waandike kwenye rola ni shaba au si shaba. Anayeuza kitu halali hana cha kuogopa.

Vichwa vya waya, zile lagi za shaba, viwe vya kipimo cha waya wenyewe. Tundu la milimita 8 linaingia bolti za M8 na zile za inchi 5/16 za Land Rover. Bolti ya inchi 3/8 inataka tundu la 10. Vibanwe kwa mashine ya haidroliki yenye meno ya pembe sita. Mafundi wa sola na wa umeme wa majumbani wengi wanayo, na kubana vichwa viwili ni kazi ya muda mfupi. Kuponda kwa nyundo na patasi kunaacha uwazi ndani, na uwazi huo ndio nyumba ya chumvi. Kujaza risasi ya kulehemu peke yake nako si dawa: inapanda ndani ya nyuzi, waya unakakamaa shingoni na kukatikia hapo hapo. Funikeni shingo kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, sentimita nne zinatosha.

Kufungua, anzeni na waya unaokwenda kwenye bodi. Kufunga, uwe wa mwisho. Spana ikigusa bodi wakati unafungua upande wa ethi hakuna kitu. Upande wa pili, unachomelea gari bila kutaka. Pete na saa ya chuma vueni. Unga mweupe wa asidi uosheni kwa kijiko cha magadi soda katika nusu lita ya maji, bila kuacha yaingie ndani ya betri.

Waya mkubwa uende moja kwa moja kwenye injini, kwenye bolti ya starta au ya giaboksi. Magari mengi ya zamani waya huo huishia kwenye bodi au chesisi, na mkanda mwembamba ndio unaobeba mzigo wote wa starta hadi kwenye injini. Ukibaki na mpango huo, mkanda nao uwe mnene kama waya. Sisi tunapendelea njia tatu: 35 kutoka betri hadi injini, 16 kutoka betri hadi bodi, na mkanda wa 25 kati ya injini na chesisi. Kila mahali pa kufungia, ondoeni rangi kwa msasa hadi chuma king'ae upana wa kichwa cha waya, wekeni washa yenye meno, kazeni, *halafu* ndipo mpake grisi au mafuta ya mgando juu. Kwenye Land Rover msifunge kwenye mabati ya alumini: alumini na shaba penye chumvi hulana. Tafuteni chuma cha chesisi.

Jambo la mwisho kabla hamjashika spana. Land Rover za miaka ya 1950 na nyingi za 1960, pamoja na Morris Minor, zilitoka kiwandani zikiwa na ethi ya chanya, yaani kichwa chanya ndicho kinachofungwa kwenye bodi. Fuateni waya mnene unaokwenda kwenye bodi, someni alama kwenye betri. Kama ni chanya, kila tulichosema kuhusu kichwa hasi kigeuzwe, ncha za mita pia. Kubadilisha upande bila kujua huunguza diodi za altaneta na redio kabla hujaondoa mkono.

Mkimaliza, pimeni tena vile vile. Kama mita inasoma chini ya 0.2 na injini bado inazunguka kwa uzito, pimeni na upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi bolti ya starta. Huko nako kukiwa kuzuri, sasa fungueni starta: bushi zimelika au kaboni zimekuwa fupi.

Mafundi umeme wa magari,
Ngamiani, Tanga