Barua kwa Maalim Bakari: dhamana ya ndege

Mombasa

Kwako Maalim Bakari,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, na mama watoto anakusalimu. Nimechelewa kukujibu, lakini nilipofika pale ulipoandika kwamba shirika la ndege ni heshima ya nchi, na likianguka serikali haina budi kuliinua, niliona siwezi kuendelea kunyamaza.

Kuokoa sikupingi. Kenya Airways ilipotangaza hasara ya shilingi bilioni 25.7 kwa mwaka ulioishia Machi 2015, kisha bilioni 26.2 mwaka uliofuata, kusema liachwe life halikuwa neno jepesi, kwani nyuma yake wapo mafundi, mawakala wa tiketi na hoteli zetu za Diani. Ninachobishania ni nani alipe. Mwaka 2017 deni ambalo serikali ilikuwa ikilidai shirika liligeuzwa hisa, umiliki wake ukafika asilimia 48.9; benki zilizokuwa zikidai nazo zikajikuta na asilimia 38.1 bila kupenda, na fungu la wanahisa wadogo likanywea. Hayo nayaona haki, ingawa najua Swaleh wetu mwenye hisa hatanisamehe kwa kuyasema: aliyenunua hisa akitaraji faida, na avumilie hasara.

Lakini katika mpango ule ule serikali ilitoa dhamana ya dola milioni 750 kwa wakopeshaji, na hiyo dhamana ndiyo inayonikera. Fedha taslimu zikitolewa huonekana katika bajeti, wabunge wakalumbana, na gazeti likaandika. Dhamana haitoi hata senti siku inapotiwa saini. Wewe umekaa kwenye kamati ya mikopo ya sacco, unamjua mdhamini: siku ya kutia saini hunyweshwa chai na sambusa, na mkopaji akishindwa, mshahara unaokatwa ni wake. Ndivyo deni lile lilivyoishia mikononi mwa Hazina, tena deni la dola, huku shilingi ikiporomoka.

Utanitajia faida ya bilioni 5.4 ya mwaka 2024, ya kwanza baada ya zaidi ya mwongo mzima. Niliifurahia, wallahi. Ila kuimarika kwa shilingi kuliichangia pakubwa, na nusu ya kwanza ya 2025 ikaleta tena hasara, ya bilioni 12.2. Kabla ya hayo wabunge walikuwa wamekwisha kuridhia utaifishaji mwaka 2019, hisa zikasimamishwa sokoni mwaka 2020 kuungoja, nao haukuja. Biashara ya hisa hizo ikarejea Januari 2025. Muda wote huo ni nani aliyesimama hadharani akasema, mimi ndiye niliyeidhinisha dhamana, niulizeni?

Sasa nisaidie kwa upande wenu. Huko Tanzania ndege zilinunuliwa na serikali, zikamilikiwa na wakala wake, kisha ATCL, shirika lenu la ndege, ikazikodi. Na bado Mkaguzi Mkuu huripoti hasara. Je, hiyo ada ya kukodi ndege hulipwa kweli, au hubaki kwenye vitabu tu? Bungeni huwa inaulizwa? Na wewe mwenyewe, ungekubali nauli ya ndege ipande ili shirika lijitegemee, au ungeanza kunihubiria heshima ya nchi? Swaleh anakuja huko mwisho wa mwezi. Mpe majibu kwa maandishi, maana kwenye simu hukawii kubadilisha mazungumzo.

Wako,
Athmani