Barua kwa Baba Mkubwa kuhusu ghorofa la Ujiji

Toronto, Kanada

Baba Mkubwa, shikamoo.

Assalaam alaykum, wewe na wote waliopo hapo nyumbani. Sisi huku wazima, watoto wanasoma, baridi ndiyo hiyo mnayoisikia. Nimemwomba kijana akusomee barua hii yote, tena akusomee barazani Shangazi akiwepo, maana sehemu kubwa inamhusu yeye.

Ile picha ya jengo la ghorofa sita, ambalo vijana wetu wanataka lijengwe pale ilipo nyumba ya Babu, nimeiona. Vioo vya buluu, maduka chini, vyumba vya wageni juu, na kwenye paa watu wameketi wanatazama ziwa. Vijana wamejitahidi, na hoja yao naielewa. Reli ya SGR inajengwa kutoka Tabora kuja Kigoma, kilomita 506, na ikishafika, mwenye kiwanja cha barabarani hatakosa wapangaji. Asiseme mtu kwamba mimi kwa kuwa niko majuu nataka nyumbani pabaki vilevile ili nikija likizo nipige picha. Nataka tujenge. Ila mmeniomba mchango wa kubomoa nyumba ya Babu kabla ya mfungo, na hapo ndipo nilipoona nikuandikie kwa kirefu badala ya kujibu kwa simu.

Katika mji huu kuna ubishi mmoja ambao wenyeji wanausimulia hadi leo. Mimi nilihamia huku umeshakwisha, lakini wazee ninaowahudumia kazini wanaujua wote, kila mmoja na upande wake, na tramu ninayopanda inapita palepale walipokuwa wakipabishania.

Katikati ya mji, mtaa wa King, kuna tajiri aitwaye David Mirvish, ambaye familia yake inamiliki kumbi za maigizo. Baba yake, Ed Mirvish, alikuwa na duka kubwa la vitu vya bei nafuu. Mwaka 1963 alinunua ukumbi wa Royal Alexandra, uliojengwa 1907, wakati ambapo ungeweza kabisa kuvunjwa. Akaufufua, akanunua na maghala ya jirani akayageuza migahawa, na mtaa uliokuwa wa viwanda na mabehewa ukawa mtaa wa watu kutoka jioni na familia zao. Mwaka 1993 baba na mwana wakafungua ukumbi mwingine hapohapo karibu, Princess of Wales, wenye viti 2,000.

Oktoba 2012 mwana akatangaza mpango wake. Ukumbi huo wa Princess of Wales uvunjwe, ambao ulikuwa haujafikisha hata miaka 20, pamoja na maghala manne ya zamani yaliyokuwa yanalindwa kama majengo ya urithi. Mahali pake ijengwe minara mitatu ya makazi, kila mmoja zaidi ya ghorofa 80. Na msanifu aliyemchorea alikuwa Frank Gehry.

Huyu Gehry ngoja nikueleze kidogo, maana bila yeye huwezi kuelewa kwa nini ubishi ulikuwa mkali. Alizaliwa hapahapa Toronto mwaka 1929, akahamia Marekani akiwa kijana. Jengo lake la makumbusho ya sanaa pale Bilbao, Hispania, lililofunguliwa 1997, lina kuta zilizopinda na kufunikwa madini ya titani, na mji ule wa viwanda vilivyokuwa vinakufa ukaanza kupokea wageni wa dunia nzima. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba utotoni bibi yake alinunua samaki hai sokoni, akamweka kwenye beseni la kuogea mpaka siku ya kumpika, na yeye akakaa anamtazama anavyojipinda majini. Ukubwani samaki akawa anajitokeza tena na tena katika michoro yake. Niliposoma hilo nilimpenda yule mzee. Sisi tuliolelewa na migebuka na kuhe tunaelewa mtoto kukaa muda mrefu hivyo anamtazama samaki. Alifariki Desemba 2025, akiwa na miaka 96.

Basi wakagawanyika. Waliounga mkono walisema mji umejaa maboksi ya vioo yanayofanana, na hapa kuna mzaliwa wa mji anayejulikana dunia nzima anataka kurudi kujenga kwao, nani atamkataa? Mirvish naye aliahidi kuweka ndani yake nyumba ya sanaa, picha zake za ukutani watu wakazitazame bure, na nafasi kwa ajili ya chuo cha sanaa. Hoja hizo mimi sizipuuzi hata kidogo. Mji maskini wa mawazo unachosha watu wake, hilo nimeliona huku.

Upande wa pili wakauliza maswali ya ardhini. Maelfu ya watu wakiongezeka kwenye kipande kile cha mtaa, watapita njia gani ya miguu? Maji taka yatatoka na mabomba gani? Watoto wao watacheza wapi? Na kama majengo ya urithi yanaweza kuvunjwa kwa sababu tu mchoro wa badala yake ni mzuri, sheria ya kuyalinda ina kazi gani? Kumbuka, Baba Mkubwa, aliyekuwa anaulizwa ni mwenye mali. Ardhi yake, ukumbi wake, pesa zake, msanifu wake. Lakini mwishoni mwa 2013 idara ya mipango miji ikapeleka ushauri kwa madiwani kwamba mpango ule ukataliwe jinsi ulivyo.

Ninalotaka mlisikie vizuri ni lililofuata. Hawakuishia kukataa, wala Mirvish hakususa. Walikaa mezani, wakachora upya. Mwaka 2014 ukatoka mpango mwingine: minara miwili badala ya mitatu, ukumbi wa Princess of Wales unabaki, na maghala mawili kati ya yale manne yanabaki. Baraza la jiji likaupitisha. Na urefu? Mnara mmoja ulipewa ghorofa 92, mrefu kuliko wowote katika ule mchoro wa kwanza! Kwa hiyo anayewaambia vijana kwamba kubishana ni kuchelewesha maendeleo, mwambieni kwamba pale ubishi haukushusha hata ghorofa moja ya mnara mrefu. Uliokoa ukumbi ambao mpaka leo watu wanaingia na tiketi zao.

Yapo na mengine niliyojifunza kwa kuangalia tu. Baada ya miaka michache Mirvish aliuza mradi kwa kampuni nyingine. Urefu ukabadilishwa, sasa ni ghorofa 73 na 84, na wajenzi wameanza na ule wa ghorofa 73. Maana yake aliyetoa ahadi mbele ya watu siye anayemwaga zege. Yaliyoandikwa kwenye kibali ndiyo yaliyoishi, hasa ule ukumbi. Na huku nyumba ndani ya minara kama hiyo zinauzwa zikiwa bado karatasi: mtu analipa kitangulizi kwa kuonyeshwa picha, kisha anasubiri miaka. Nimewaona watu wazima, wenye kazi nzuri, wakitetea picha kwa sababu wameshailipia.

Sasa nirudi Ujiji.

Nyumba ya Babu si ukumbi wa maigizo, najua. Ni tofali za udongo, bati limeshika kutu, na ukuta wa nyuma una ufa. Lakini barazani pale ndipo ukoo mzima unapokaa msiba ukitokea. Chini ya mwembe yule mama anauza dagaa zake tangu sisi wadogo, na hajawahi kuombwa kodi. Vyumba vya uani vina wapangaji watatu wanaolipa, na kodi ile ndiyo inayomtunza Shangazi. Kwenye picha ya vijana hakuna baraza, hakuna mwembe, hakuna mama wa dagaa. Nilitafuta pia chumba cha Shangazi sikukiona. Nilipouliza kwenye kundi letu la simu nikajibiwa kwamba atapangiwa chumba Mwanga kwa muda. Kwa muda gani? Nani atalipa? Yeye ana fungu lake katika mirathi kama ulivyo na lako, na nyumba haiwezi kuguswa kabla hajasema mwenyewe, mbele ya mashahidi, anataka nini. Naomba hilo liwe la kwanza kwenye kikao, si la mwisho watu wakiwa wameshachoka.

Nauliza pia la vyoo. Vyumba vya wageni ishirini, kila kimoja na choo na bafu lake, hapo Ujiji ambapo kila nyumba ina shimo lake, maji machafu yanakwenda wapi? Jirani wa upande wa chini ana kisima. Je, ameulizwa? Toronto walibishania mabomba wakiwa na mabomba tayari.

Na la uimara siwezi kulipita haraka. Machi 2013 ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka likiwa bado linajengwa, watu 36 wakafa. Novemba 2024 likaporomoka lingine Kariakoo, ghorofa nne tu, likiwa na maduka na watu ndani. Sisi tunaishi juu ya bonde la ufa. Desemba 2005 lilipopita lile tetemeko la 6.8, wewe mwenyewe ndiye uliyetutoa wote uwanjani. Ghorofa sita juu ya udongo ambao haujapimwa, kwa ramani iliyochorwa na kijana hodari wa kompyuta lakini asiye mhandisi, mimi siweki senti yangu wala simlazi mgeni wa mtu humo. Atafutwe mhandisi aliyesajiliwa, udongo upimwe, kisha kibali cha manispaa kitoke kwa idadi ya ghorofa zitakazojengwa kweli. Kibali cha tatu kisijengewe sita.

Usione kama nakushauri jambo geni. Wewe umefanya kazi reli, umeripoti kazini miaka yote kwenye stesheni waliyojenga Wajerumani, reli ilipofika ziwani 1914, na mkaongeza mlivyoongeza bila kuibomoa. Meli ya Liemba ilizamishwa ziwani 1916, ikaibuliwa 1924, mwaka 1927 ikarudi kubeba watu. Kigoma tuna mazoea ya kukitumikisha cha zamani. Hata wageni wanaokuja Ujiji, wanakuja kwa sababu ya pale chini ya mwembe ambapo Livingstone na Stanley walikutana 1871. Mgeni wa namna hiyo akilala kwetu, atapenda kufikia kwenye nyumba yenye baraza na kivuli kuliko kwenye kioo cha buluu kinachokusanya jua la saa nane.

Ninalopendekeza ni hili, nanyi mnaweza kulipinga. Nyumba ya mbele ibaki, ukuta wenye ufa ujengwe upya, bati libadilishwe, vyumba viwili vya barabarani vifunguliwe maduka. Mwembe usiguswe. Uani kule nyuma ndiko kupande ghorofa, mbili au tatu, kadiri mhandisi atakavyosema udongo unabeba, na vyumba vya chini wapewe kwanza wapangaji walioko sasa. Shangazi abaki chumbani kwake wakati wote wa ujenzi. Vijana watasema mapato yatakuwa madogo. Ni kweli yatakuwa madogo kuliko ya kwenye picha, na waje na hesabu tuzilinganishe, za mkopo pia, maana kwenye hesabu waliyonitumia riba ya benki haimo.

Kijana aliyechora asivunjwe moyo. Mkono wake ni mzuri, na lile wazo la paa la kutazamia ziwa nalipenda sana, libaki hata kama ghorofa ni mbili. Mwambieni achore tena, akianza na kupima mwembe.

Mchango wangu kwa hiyo ni huu: natuma gharama ya kupima udongo na ya mhandisi kuja kuangalia, basi. Ya kubomoa situmi, na nawaombeni walio Dar na Mwanza nao wasitume mpaka kikao kikae na mihutasari iandikwe, kila aliyesema jina lake liwepo na alichosema. Mkikaa Jumapili alasiri, huku kwangu ni asubuhi, nipigieni nami nisikilize. Nitanyamaza mpaka nipewe nafasi.

Pesa ya dawa za Shangazi nimeituma kwa namba ya Mama Mdogo, aangalie isije ikachanganywa na ya mhandisi. Jirani mwenye kisima mpeni salamu zangu, na mumwalike kwenye kikao.

Wasalaam,
Mwanao wa Toronto