Kwa vijana mnaopiga filamu mwaloni Kirumba

Wajukuu zangu,

Nawaandikia mimi mzee wenu, niliyeuza dagaa miaka mingi kabla magoti hayajanigomea, kwa sababu juma lililopita nilimwona mmoja wenu akimsogezea kamera mama aliyekuwa akigeuza dagaa chanjani, karibu kabisa na nyayo zake zilizopasuka, bila hata kumwamkia. Yule mama akavuta kanga, akajifunika uso. Kijana akaendelea kurekodi kanga.

Tafuteni kazi za Trinh T. Minh-ha, mwanafalsafa na mtengenezaji filamu aliyezaliwa Hanoi, Vietnam, mwaka 1952, akahamia Marekani mwaka 1970, kisha akafundisha muziki Dakar kuanzia 1977 hadi 1980. Filamu yake ya kwanza, Reassemblage, ya mwaka 1982, aliipiga vijijini Senegal, na humo anatamka kwamba hakusudii kuzungumza juu ya watu wale, bali kando yao. Katika filamu nyingi za vijijini tumezoea sauti ya mjuzi inayotueleza huyu anatwanga nini na kwa nini. Yeye anatunyima sauti hiyo. Mara ukimya unatanda, mara sentensi ileile inarudi, hata mtazamaji anaanza kujiuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kutazama. (Mara ya kwanza nilisinzia, nakiri.)

Msidhani neno hili linawahusu wageni peke yao. Ni kweli kwamba mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper wa Austria, iliyopigwa hapahapa Mwanza kuhusu biashara ya sangara, ikapata tuzo ughaibuni na kuzua ugomvi mkubwa nyumbani, na mpaka leo baadhi ya wenzangu wakiona kamera hugeuza mgongo. Lakini Trinh naye alikuwa mgeni Senegal, na alilijua hilo, akaliweka wazi ndani ya kazi yenyewe. Ninyi mliozaliwa Igoma na Nyakato mnadhani kuongea Kisukuma kunatosha kuwa ruhusa.

Yule mama bado yupo. Ikifika saa sita hukaa kivulini akisubiri dagaa wakauke upande wa pili. Nendeni mikono mitupu, bila kamera, mkamwamkie, na akiwasogezea ndoo ya kukalia, kaeni.

Mzee wenu wa Kirumba